Sikio la Mashine: Mpokezi au Kadhi?



Ukishuka pale Mwanga, katikati ya Kigoma na Ujiji, ukasimama pembeni mwa soko kwa muda wa kumaliza kikombe kimoja cha kahawa, masikio yako yatapata kazi kubwa. Huyu amsabahi mwenziwe kwa Kiha, "Mwakeye." Yule amjibu kwa Kiswahili. Wa tatu, ambaye kwao ni ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, asema "batu" pale wewe usemapo "watu". Nyuma yao mama mmoja apatana bei ya dagaa kwa Kirundi, na hesabu aimalizia kwa Kiswahili. Na wote wasikilizana. Hapana amwombaye mwenziwe arudie. Tena hawasikilizani kwa maneno peke yake. Mtu akimwita mwenziwe "mende", waliopo hujua papo hapo kama huo ni utani au ni tusi, kwa sababu wawajua wote wawili, wazijua koo zao, na waijua habari ya jana iliyopita baina yao.

Nimeanza na soko la Mwanga kwa sababu jambo nitakalo kulizungumza nawe leo ni jambo la masikio. Katika miaka hii wataalamu wa sehemu nyingi za ulimwengu wanaunda mashine za kusikiliza. Ziko zinazosikiliza kikohozi na kusema kama mtu ana maradhi. Ziko zinazosikiliza mazungumzo ya daktari na mgonjwa na kuyaandika. Ziko pia zinazopekua maneno ya watu katika redio na katika mitandao ya kijamii, zikachagua lipi lipelekwe mbele na lipi lifutwe. Kazi hizi tatu zaonekana kuwa mbalimbali, lakini asili yake ni moja: neno au sauti ya mwanadamu yaingia upande huu, na upande wa pili hutoka hukumu. Basi yatupasa tuzitazame kwa insafu, bila ya kustaajabu kama watoto na bila ya kukataa kama wajinga.

Mizani ya kuzipimia hatuna haja ya kuiazima mbali. Wanavyuoni wa Hadithi, tangu zama za akina Bukhari aliyefariki mwaka 870, walituachia elimu nzima ya kuwapima wapokezi wa habari. Waliuliza: Je, mtu huyu asikia vyema, na akihifadhi vyema alichokisikia? Alikipokea kutoka kwa nani, na huyo naye kutoka kwa nani? Na je, ni mwadilifu, mtu ambaye akikosea hukubali kusahihishwa? Mtu aliweza kuwa mchamungu wa kupigiwa mfano, na habari yake isikubaliwe kwa kuwa kumbukumbu yake ni dhaifu. Na aliyeficha jina la aliyempa habari alitiliwa shaka, hata kama habari yenyewe ilikuwa nzuri. Leo tutaiweka mashine mahali pa mpokezi na kuiuliza maswali hayo hayo matatu.

KIKOHOZI NA HUKUMU YAKE

Tuanze na tiba, kwani uhai ni mbele ya yote. Mwaka 2024 jarida la Science Advances lilichapisha utafiti uliofanyika Nairobi, kazi ya watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, yaani KEMRI, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Washington cha Marekani. Waliwachukua watu 149 wenye kifua kikuu na watu 46 wenye maradhi mengine ya kifua, wakarekodi vikohozi 33,000 vilivyotoka vyenyewe na vikohozi 1,600 vya kujilazimisha. Sauti hizo ziligeuzwa kuwa picha, na mashine ikafundishwa kuzitambua picha za vikohozi vya kifua kikuu. Katika kila wagonjwa 10 wa kifua kikuu, iliwatambua kama 7. Ilifanya vizuri zaidi kwa wale ambao vijidudu vimekwisha kuwa vingi, au mapafu yao yamekwisha kupata mashimo.

Nausifu utafiti huu kwa jambo moja kubwa. Watafiti hawakulinganisha mgonjwa na mzima, kazi ambayo hata jirani yako angeiweza kwa kusikiliza ukutani. Walilinganisha mwenye kikohozi na mwenye kikohozi, wa mji mmoja. Huo ndio mtihani wa kweli. Na jibu lao ni la kweli pia: 7 katika 10, na wale 3 hawakutambuliwa.

Kwa nini nalishikilia jambo hili? Kwa sababu miaka michache kabla yake ulimwengu ulipewa habari tamu zaidi. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO, watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walitangaza mashine ya kusikiliza kikohozi iliyowatambua wagonjwa kwa asilimia 98.5. Magazeti yakaipokea habari hiyo kwa shangwe. Kisha Waingereza wakaipima fikra hiyo ya kutambua UVIKO kwa sauti. Walikusanya sauti za watu zaidi ya 67,000, na matokeo yakachapishwa mwaka 2024. Mara ya kwanza mashine yao nayo ilionekana hodari, ikapata alama 0.85, ambapo 1 ni ukamilifu na 0.5 ni sawa na kurusha shilingi hewani. Lakini walipowalinganisha watu wa umri mmoja, jinsia moja na dalili zile zile, alama ilishuka hadi 0.62. Wakahitimisha kwamba mashine haikuzidi kumwuliza mtu tu: Je, una homa? Je, unakohoa? Je, umepotewa na harufu?

Hebu fahamu kilichotokea hapo, maana ndiyo siri ya maneno yote haya. Mashine haikuwa ikiyasikia maradhi yenyewe. Ilisikia mambo yanayofuatana na maradhi: umri wa mtu, dalili zake, namna watu walivyochaguliwa kurekodiwa. Ni kama mpokezi aliyekuwa amekaa nyuma kabisa msikitini, akaona watu wanalia, akaenda kuwaambia wengine kwamba khatibu alizungumzia mauti. Huenda kweli aliyazungumzia, lakini huyu hakuyasikia.

Sasa tulete jambo hili nyumbani. Chukua mathalan mama wa hapa mwambao anayekausha migebuka kwa moshi wa kuni. Ana kikohozi cha wiki tatu. Kijana wa afya amfikia na simu ya mkononi na kumwambia, "Kohoa hapa, mama." Simu ikisema huenda ana kifua kikuu, hapana hasara kubwa: ataambiwa aende kupimwa makohozi, na akikutwa mzima atarudi kwa samaki wake. Lakini je, simu ikisema hana? Huenda yeye ni mmoja wa wale 3. Atarudi nyumbani moyo umetulia, alale chumba kimoja na watoto wake, na kila atakapoambiwa aende hospitali atajibu, "Nimekwisha kupimwa." Kosa la mashine hapo halikuzaliwa na upungufu wake tu. Lilizaliwa tulipolichukua neno "hana" kuwa hukumu, ilhali haki yake ilikuwa kuwa fununu tu. Mashine hii yaweza kumwita mtu aende kwa daktari. Haina haki ya kumzuia asiende.

MANENO AMBAYO HAKUNA ALIYEYASEMA

Tupite katika kazi ya pili. Mwaka 2022 kampuni ya OpenAI ya Marekani ilitoa mashine iitwayo Whisper, inayosikiliza maneno na kuyaandika. Ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti zilizokusanywa kutoka intaneti, na katika saa hizo fungu la Kiswahili lilikuwa dogo mno, kama ndoo moja ya maji iliyotekwa kutoka Ziwa Tanganyika.

Mwaka 2024 watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani walitoa uchunguzi wao juu ya mashine hiyo. Waliona kwamba karibu katika rekodi 1 kati ya kila 100, mashine iliandika maneno au sentensi nzima ambazo hakuna aliyezisema. Na katika uzushi huo, asilimia 38 ulikuwa wa kudhuru: ukatili uliotajwa ilhali haukutajwa, au sifa za uongo zilizobandikwa kwa watu waliokuwa wakizungumziwa. Jambo la kuhuzunisha ni kwamba uzushi ulizidi pale palipokuwa na kimya kirefu. Mashine hiyo ilipimwa kwa sauti za watu wenye maradhi ya kupotewa na maneno, ambayo aghalabu huletwa na kiharusi. Mtu wa namna hiyo hutulia akilitafuta neno. Binadamu mwenye huruma humngoja. Mashine haikungoja, ikalijaza pengo kwa maneno yake yenyewe.

Sisi katika lugha yetu tuna jina la kitendo hicho, nalo ni kusingizia. Kumsengenya mtu ni kusema alilolifanya kweli, na hilo peke yake ni baya. Kumsingizia ni kusema asilolifanya, na hilo ni baya zaidi. Mashine haina nia, kwa hiyo hatuwezi kusema imepata dhambi. Lakini aliyeiweka mezani pa daktari, akijua habari zake, ana nia. Oktoba 2024 shirika la habari la Associated Press liliripoti kwamba hospitali kadhaa za Marekani zilikuwa zikitumia chombo kilichojengwa juu ya Whisper kuandika mazungumzo ya madaktari na wagonjwa, ilhali waundaji wenyewe walikwisha kuonya isitumiwe katika mambo ya hatari. Tena chombo hicho hufuta sauti ya asili baada ya kuiandika, kwa sababu ya kulinda siri.

Siri ni jambo jema. Lakini sauti ikifutwa, silsila imekatika. Mgonjwa akisema, "Mimi sikusema nakunywa dawa hiyo," atarejea wapi kuthibitisha? Karatasi yasema alisema, na shahidi wa pekee amekwisha kuzikwa.

Basi na hapa kwetu itakuwaje? Kiswahili kilichofika Ujiji na misafara ya kutoka pwani katika karne ya kumi na tisa, kikavuka ziwa kwenda Kongo, hakikubaki kilivyoondoka Bagamoyo. Kiswahili cha Mwanga kina Kiha ndani yake, cha ng'ambo kina Kifaransa ndani yake, na mzee wa Ujiji hakisemi kama msomaji wa taarifa ya habari wa Dar es Salaam. Mwaka 2021 taasisi ya Mozilla ilipewa dola milioni 3.4 ili watu wa Afrika Mashariki wajitolee kuusoma na kuurekodi Kiswahili chao, na sauti hizo ziwekwe wazi kwa kila mtafiti. Hilo ni jambo la kheri, kwa kuwa sauti zimetolewa kwa ridhaa na asili yake yajulikana. Lakini mashine iliyosikia Kiswahili cha vitabuni peke yake, ikiletwa zahanati ya kijiji cha mwambao huu, ni kama kijana mgeni aliyepewa ukarani siku ya kwanza: ataandika kwa mwandiko mzuri asilolifahamu.

MENDE, MADOADOA NA SHAHIDI

Kazi ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni ya kuhukumu maneno. Sisi watu wa maziwa haya hatuna haja ya kufundishwa na mtu yeyote kwamba neno huua. Julai 1993 redio ya RTLM ilianza kutangaza Rwanda, na mwaka 1994 iliwachochea watu kuwaua majirani zao. Neno lake moja kubwa lilikuwa "inyenzi", maana yake mende. Mahakama ya Kimataifa iliyokuwa Arusha iliwahukumu watu watatu wa vyombo vya habari tarehe 3 Desemba 2003, baada ya kesi ya karibu miaka mitatu, na mwaka 2007 rufaa ikatengua baadhi ya makosa na kupunguza adhabu. Katika kesi hiyo aliitwa mtaalamu wa Kinyarwanda aeleze maneno yale yalimaanisha nini, kwa nani, na katika siku zipi. Majaji walijua kwamba kamusi peke yake haitoshi. Katika kamusi mende ni mdudu wa jikoni.

Kenya nao wana neno lao, "madoadoa". Mama wa nyumbani hulitumia kwa nguo au kwa ngozi. Lakini katika siasa za huko limekuwa neno la kuwataja watu wa kabila jingine kana kwamba ni uchafu wa kuondolewa. Januari 2022 mwanasiasa mmoja alikamatwa baada ya kulitamka katika mkutano Eldoret, na Aprili mwaka huo tume ya utangamano ya nchi hiyo ikaliweka katika orodha ya maneno ya chuki. Sasa iulize mashine: Je, "madoadoa" lifutwe? Ikisema ndiyo, itamfuta mwuza sabuni. Ikisema la, itamwacha mchochezi. Jibu halimo ndani ya neno, limo katika mkutano, katika mji, katika mwaka wa uchaguzi na katika kinywa kilicholitamka.

Na liko neno ambalo latugusa sisi karibu zaidi: "shahidi". Kampuni ya Meta, yenye Facebook, ilikuwa na kanuni ya kuliondoa neno hilo la Kiarabu popote lilipotumika kwa mtu aliyemo katika orodha yake ya watu wa hatari, ikichukulia kwamba kulitamka ni kumsifu. Machi 2024 Bodi ya Usimamizi, iliyoundwa na kampuni yenyewe, ilitoa maoni kwamba kanuni hiyo imepita kiasi. Bodi ilieleza kwamba neno hilo lina maana nyingi, na kwamba hapana neno jingine moja lililosababisha maandiko mengi zaidi kuondolewa katika mitandao ya kampuni hiyo. Baadaye mwaka huo huo Meta ilikubali kuilegeza. Lakini fikiri, msomaji, ni watu wangapi walikuwa wakiomboleza maiti wao, au wakipasha habari tu, au wakitaja jina la ndugu yao, wakafungwa midomo kabla ya hapo. Na katika Kiswahili mambo yamezidi kupindana, kwani shahidi kwetu ni aliyekufa katika njia ya Mungu, na ni huyo huyo asimamaye mahakamani kusema alichokiona.

Usidhani nasema kuchuja maneno kukomeshwe. Yuko aliyedhulumiwa kwa maneno kuachwa pia. Oktoba 2021 jina, picha na mahali pa kazi pa Profesa Meareg Amare, mwalimu wa kemia wa Chuo Kikuu cha Bahir Dar nchini Ethiopia, viliandikwa katika Facebook pamoja na tuhuma juu yake. Mwanawe asema aliyaripoti maandiko hayo mara kwa mara. Tarehe 3 Novemba 2021 profesa aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake. Desemba 2022 mwanawe alifungua kesi Nairobi, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ikaamua kwamba ina mamlaka ya kuisikiliza. Mahakama ndiyo itakayoamua nani ana lawama. Sisi tunachokiona ni kwamba sikio lile lile lililolifuta neno la mwenye kuomboleza halikulisikia neno la mwenye kuchochea. Huo ndio msiba wa kusikia herufi bila ya kuwafahamu watu.

KAZI ILIYOFANYWA UGANDA

Insafu yataka tutaje na jema. Mwaka 2017 ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Kampala iitwayo Pulse Lab ilitoa ripoti ya kazi iliyofanywa pamoja na wataalamu wa Makerere na wa Chuo Kikuu cha Stellenbosch cha Afrika Kusini. Walijua kwamba watu wa vijijini Uganda husemea shida zao katika redio. Wakaunda mashine ya kusikiliza matangazo kwa Kiganda, Kiacholi na Kiingereza cha Uganda, ili kujua watu wasemaje juu ya huduma za afya, juu ya maradhi ya kuambukiza kama malaria, juu ya maafa madogo madogo, na juu ya wakimbizi.

Kilichonipendeza ni mpango wa kazi yenyewe. Mashine iliondoa muziki, ikachambua maneno, ikatenga vipande vilivyoelekea kuwa na habari. Kisha vipande hivyo vilikwenda kwa watu wenye kuijua lugha, wakasikiliza kwa masikio yao na kuamua maana. Mashine ilikuwa kama mvuvi wa kuvuta wavu, na mwenye kuchagua samaki alikuwa mtu. Mkoa wetu, wenye kambi ya Nyarugusu ya tangu mwaka 1996 iliyowapokea Wakongo na baadaye Warundi, wajua thamani ya kupata habari mapema kwamba dawa zimekwisha mahali fulani, au kwamba maneno ya chuki yameanza kusemwa juu ya wageni.

Hata hivyo kuna mpaka ambao hauna budi kuchungwa. Redio ni baraza: aliyepiga simu redioni amekubali kusikiwa na umma. Lakini ujumbe wa sauti ambao mke amempelekea mumewe aliye machimboni si baraza. Sura ya Al-Hujurat imekusanya mambo mawili pamoja: kuamrisha habari ithibitishwe kabla ya kufanyiwa kazi, na kukataza upelelezi wa siri za watu. Mtafiti akilichukua la kwanza na kuliacha la pili, elimu yake imepotea njia, ingawa nia yake ilikuwa kuponya.

WATU WALIO NDANI YA MASHINE

Lipo jambo moja ambalo wauzaji wa mashine hizi hawapendi kulitaja. Ndani yake mna watu. Mashine haikuzaliwa ikijua neno baya. Alikuwapo mtu aliyelisoma kwanza akaliandikia "baya". Januari 2023 jarida la Time la Marekani lilieleza kwamba wafanyakazi wa Kenya waliolipwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa walisoma maandiko ya ukatili na uchafu, siku baada ya siku, ili mashine ya OpenAI ijifunze kuyakwepa. Wengine Nairobi, chini ya kampuni ya Sama, walikuwa wakiyachuja ya Facebook: picha za watu wakiuawa, sauti za watu wakilia.

Desemba 2024 hati za kitabibu ziliwekwa mbele ya mahakama ya Nairobi. Mkuu wa huduma za afya ya akili wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Dakta Ian Kanyanya, aliwapima wachujaji 144 wa Facebook. Wote 144 walikutwa na maradhi ya akili yaletwayo na kushuhudia mambo ya kutisha, na kwa asilimia 81 kati yao maradhi yalikuwa makali au makali sana. Kesi yenyewe ni ya mahakama, lakini sikiliza hesabu hiyo. Tulijenga sikio la kutulinda na maneno mabaya, na mabaya yote yakamiminwa katika masikio ya vijana wa Afrika Mashariki kwa ujira mdogo. Mbele ya swali la pili la wapokezi, "Umeyapata haya kwa nani?", mashine hukaa kimya. Aliyeificha silsila yake hana haki ya kuitwa mwaminifu.

NINI TUFANYE?

Basi, msomaji, hukumu yangu juu ya kazi hizi ni hii. Mashine ya kusikia ni mpokezi, na mpokezi mwenye kumbukumbu dhaifu katika lugha zetu. Habari yake isitupwe, maana huenda ikamwahisha mgonjwa hospitali au ikatuonya juu ya fitina kabla haijawaka. Lakini isikubaliwe peke yake, na isikalishwe katika kiti cha kadhi. Kadhi huulizwa, hukatiwa rufaa, na hujua kwamba atasimama mbele ya Mola wake. Mashine haiwezi hata moja katika hayo.

Iko siku atakuja mtafiti Mwanga, na huenda amekwisha kuja, na kinasa sauti mkononi, akuombe ukohoe, au uzungumze Kiha chako, au umpe ujumbe wa simu yako. Usimfukuze. Mkaribishe, mpe kiti, kisha umwulize mambo matatu. Mwulize: Mashine yako imewasikia watu wa hapa, au imewasikia wa kwingine ikatudhania sisi? Mwulize: Sauti yangu itakwenda kwa nani, naye ataipeleka kwa nani, na walioifundisha mashine yako walilipwa nini? Kisha mwulize: Ikikosea juu yangu, ni mtu gani, mwenye jina na mlango wa kubisha, nitakayemwendea? Una haki ya kuuliza hayo hata kwa sheria ya nchi, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imezitambua taarifa zako na imezihesabu habari za afya yako kuwa nyeti. Sauti yako ni amana. Aichukuaye na aseme ataihifadhi wapi.

Na ninyi vijana wetu mnaosoma elimu ya kompyuta, msiridhike kuwa waandika alama kwa dola moja na nusu. Jifunzeni kuziunda mashine hizi na kuzipima. Kaeni na wazee wa Ujiji mkaandike wanavyosema, mkakae na matabibu mkajue wanavyopima. Mkifanya hivyo, huenda siku moja mama yule wa migebuka akakohoa mbele ya simu, na simu ikawa na adabu ya kusema: "Mimi sina hakika. Nenda, mama, ukapimwe na mtu."